Banda la Profesa Anatory

Noela Projest alianza kusomea udaktari wa falsafa akiwa na miaka arobaini na moja, na hakuanza kwa kiu ya elimu. Alianza kwa hasira. Alikuwa amefundisha uchoraji wa majengo kwa miaka kumi na tatu katika chuo kimoja cha binafsi jijini Mwanza, na alikuwa akiwajua kwa majina wanafunzi wake wote, hata waliofeli. Kisha chuo kikatoa waraka kwamba asiye na PhD hatasimamia tena idara. Idara ilikuwa yake. Ikapewa kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliyerudi na shahada hiyo kutoka ng'ambo, na ambaye, Noela alikumbuka vizuri, aliwahi kuchora nyumba ya ghorofa mbili akasahau ngazi.

Siku hiyo alirudi nyumbani Nyegezi akamwambia mumewe kwamba na yeye anakwenda kusoma. Mumewe, Nestory, Msukuma mpole mwenye duka la vifaa vya umeme Mabatini, aliuliza swali moja tu: inachukua muda gani. Noela akasema miaka mitatu. Ikawa sita. Nestory hakuwahi kumkumbusha ile mitatu, na Noela mpaka leo anasema hilo ndilo jambo la kimapenzi zaidi alilowahi kutendewa na mwanaume.

Upande wa Kagera habari zilipokelewa kwa kishindo. Mama yake, Mwalimu Bernadetta, mstaafu, alilitangaza jambo hilo kanisani kabla bintiye hajajaza fomu. Tangu Jumapili hiyo aliacha kumwita Noela kwa jina, akawa anamwita Daktari. Kwa sababu hiyo Noela hakuweza tena kuacha masomo, hata alipotaka, na alitaka mara nne.

Fani yenyewe ilikuwa usanifu wa mazingira. Majirani walidhani ni kupanda maua, na wawili wakaja kuomba miche. Noela aliwaeleza kwamba ni elimu ya kujua jengo likae vipi na jua, na upepo, na watu wanaolitumia, ili mtu asijengewe nyumba halafu akaishi nje. Mmoja akasema kumbe ni ufundi ujenzi. Noela akakubali, maana miche hakuwa nayo.

Msimamizi wake alikuwa Profesa Anatory, Mhaya mwenzake, mwenye miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kusoma masomo ya Misa. Ofisini kwake, ukutani, palikuwa na picha kubwa kama mlango. Ilionyesha jengo lenye paa jeupe lililopinda kama bawa, na nyuma yake ziwa la buluu. Mtu hakuonekana hata mmoja. Lilikuwa banda la kukaushia dagaa, alilolisanifu yeye miaka kumi na moja kabla kwa ajili ya mradi mmoja wa wafadhili, katika mwalo wa Itumbiro, ufukwe wa kupakulia samaki, ng'ambo ya ghuba upande wa Sengerema. Lilimpatia tuzo. Noela alipokwenda kuomba ushauri wa mada, Profesa hakufikiri hata dakika moja. Alimwelekeza kwenye ile picha. Akasema nchi hii inachunguza tu vilivyoshindikana, sasa umefika wakati msomi mmoja achunguze kwa nini kitu kilifanikiwa.

Noela alikubali. Mwanafunzi wa udaktari hukubali kila kitu mwaka wa kwanza.

Alivuka kwa kivuko cha Kamanga siku ya Jumanne, akiwa na daftari jipya, kipima upepo alichoazima chuoni na kofia ya kujikinga jua. Banda alilitambua kwa mbali. Juu ya paa walikuwa wamesimama korongo wanane, wale wenye vipara na mfuko shingoni, kama wajumbe wa kamati inayosubiri posho ya kikao. Ndani walikuwamo mbuzi watatu, wamelala kwa heshima. Kwenye nguzo moja palikuwa pamefungwa utepe wa pinki uliosahauliwa na watu waliokuja kupiga picha za harusi. Dagaa hakuwamo hata mmoja.

Mlangoni alikaa mzee aitwaye Shimba, mwenye ufunguo. Noela alimwamkia, naye akaitikia marahaba na kumweleza kazi yake. Mradi ulimweka awazuie wanawake wasiingize uchafu ndani kabla wageni wa ufunguzi hawajafika. Wageni walifika, wakakata utepe, wakaondoka. Mradi nao ukaisha. Hakuna aliyerudi kumwambia aache kuzuia, kwa hiyo aliendelea, ingawa mbuzi aliwasamehe kwa sababu walikuwa wa kwake.

Dagaa wenyewe walikuwa hatua hamsini mbele, wameanikwa juu ya majabali makubwa ya ufukweni na kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa juu ya miti. Mwanamke mnene mwenye kanga mbili alikuwa ameinama akiwageuza kwa ufagio wa chelewa. Huyo alikuwa Mama Tereza, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa pale. Noela alitoa shikamoo, akajitambulisha, akaeleza ametoka wapi. Kisha akauliza kwa nini hawaaniki bandani.

Mama Tereza hakuinua mgongo.

"Mle hakuna jua wala upepo," alisema. "Dagaa anataka vyote viwili."

Noela aliandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Yalikuwa matokeo ya utafiti wake mzima. Bahati mbaya chuo kikuu hakipokei tasnifu ya sentensi mbili, kwa hiyo ilimbidi ayathibitishe kwa miezi kumi na minne.

Kazi hiyo ilikwenda kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya chuo. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na mwalo hulala. Noela alijifunza hilo baada ya kuvuka mara mbili na kukuta watu wanasukana nywele. Tangu hapo akawa anapanga safari zake kwa kutazama juu, na kwenye fomu ya chuo, mahali palipoandikwa sababu ya kubadili ratiba, akajaza "mwezi." Fomu ilirudishwa. Akajaza "sababu za kihaidrolojia." Ikapita.

Alipima kila kitu. Alipima joto juu ya jabali, juu ya nyavu na ndani ya banda. Alipima upepo asubuhi na mchana. Kuanzia saa nne upepo ulitoka ziwani ukaja nchi kavu, safi, wa kutosha kupuliza kofia. Ulipofika bandani ulikutana na ukuta mzima usio na tundu, wenye majina ya wafadhili na mchoro wa samaki aina ya sato anayetabasamu, ukakata tamaa. Ndani hewa ilisimama kama maji ya kwenye pipa. Alianika dagaa wa kipimo kile kile mahali patatu. Juu ya jabali walikauka kwa saa sita. Juu ya nyavu, saa saba. Ndani ya banda, siku ya pili jioni, walikuwa bado wanateleza, na Mama Tereza akashauri wapewe kuku, kuku nao wakatazama kwanza.

Wanawake wa Itumbiro walimzoea. Walikuwa wakimwita Mama Elias, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na walipoona anahangaika na kipima upepo chenye betri zilizokufa, mmoja aling'oa unyoya wa korongo akaufunga kwenye uzi, akamning'inizia. Ulifanya kazi vizuri. Katika tasnifu umeandikwa kama "kiashiria mbadala cha mwelekeo wa hewa."

Tatizo lilianza alipoandika sura ya nne, yenye matokeo. Alipeleka kurasa themanini. Zilirudi nyekundu kama kuku amechinjiwa juu yake. Mahali alipoandika kwamba banda halitumiki, Profesa alifuta akaandika "linatumika kwa namna ambazo hazikutarajiwa." Mahali pa mbuzi na korongo aliandika "watumiaji wasio wa kibinadamu." Kuhusu ukuta aliandika pembeni kwamba mwanafunzi apunguze hisia. Na mwishoni, kwa mwandiko wake mzuri wa seminari, aliongeza pendekezo jipya kabisa: kwamba wanawake wa mwalo wapatiwe elimu ya namna ya kulitumia banda.

Noela alikuwa mwaka wa nne. Alikuwa amechoka. Idara yake bado ilikuwa mikononi mwa yule asiyejua ngazi, na mama yake alikuwa amekwisha kununua kitambaa cha sherehe. Aliyaingiza marekebisho yote, neno kwa neno, akajiambia kwamba tasnifu husomwa na watu watano na watatu kati yao hulipwa.

Hakujua kwamba msomaji wa sita yuko Itumbiro. Safari iliyofuata Mama Tereza alimwambia kwamba wamempa maneno yao mwaka mzima, sasa wanataka kusikia ameandika nini. Walikaa juu ya majabali, kama wanawake ishirini, miguu imenyooshwa, dagaa wakikauka pembeni. Noela alifungua kompyuta na kuanza kutafsiri kutoka Kiingereza. Alipofika kwenye watumiaji wasio wa kibinadamu alieleza kwamba maana yake ni mbuzi wa mzee Shimba, wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Alipofika kwenye pendekezo la mwisho, aliwaza kuliruka. Lakini alikuwa ameshaanza kulisoma, na macho yote yalikuwa kwake.

Mama Tereza alikuwa akichambua dagaa kiganjani.

"Kwa hiyo umeandika kwamba hatujui," alisema.

Noela alisema si yeye, ni utaratibu wa kitaaluma, kuna msimamizi.

"Mkono ulioandika ni wa nani?"

Noela alifunga kompyuta. Mama Tereza aliinuka akaenda kugeuza dagaa wake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana wala kumnunia. Walimpa hata mafungu mawili ya dagaa wa kwenda nao nyumbani, kama siku zote, na hilo ndilo lililomuumiza. Kwenye kivuko alikaa na yale mafungu mapajani, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu alipokuwa msichana aliyekamatwa akinakili mtihani wa jiografia.

Alimsimulia Nestory. Nestory alikuwa akila, akatafuna kwanza mpaka akamaliza. Kisha akasema kwamba dukani kwake plagi ikikataa kuingia kwenye soketi, hawampeleki mteja semina.

Wiki hiyo Noela alimwandikia Profesa kwamba wanawake wa Itumbiro wanatamani sana kuonana na aliyelisanifu banda. Halikuwa jambo la uongo. Profesa alifurahi. Tangu siku ya ufunguzi hakuwahi kurudi kule, alisema, majukumu yalimzidi. Alivuka na gari lake, amevaa koti la kijivu na tai, kwenye kivuko chenye mikungu ya ndizi na pikipiki, na njia nzima alimsimulia Noela jinsi wazo la lile paa lilivyomjia alipokuwa ndani ya ndege.

Walifika saa tano. Korongo walikuwapo. Profesa alilitazama banda kwa muda, akasema rangi imepauka. Mzee Shimba akamfungulia kwa heshima zote na kuwatoa mbuzi. Mama Tereza na wenzake wakaja, shikamoo zikatolewa na kuitikiwa pande zote mbili kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika nani mkubwa, na kabla Noela hajamtambulisha mgeni, Mama Tereza akasema ni vizuri akae humo humo ndani, wao wamalize kazi kwanza. Akamwekea kigoda. Kando ya kigoda akaweka beseni la dagaa wabichi, akasema wanakaa hapo kukauka. Kisha akatoka.

Noela anaapa kwamba hakupanga hilo. Yeye alikuwa amekaa nje juu ya jabali linaloelekea mlangoni, na daftari lake, akisubiri.

Kwa robo saa Profesa alikaa vizuri, amekunja miguu, akitazama paa lake. Kisha akavua koti. Nzi wakaja kwenye beseni, kwanza wachache, halafu ukoo. Alilisogeza beseni kwa mguu. Akalegeza tai, akaivua, akaiweka mfukoni. Alijipepea kwa nakala ya sura ya nne. Alisimama akaenda kwenye ukuta wa sato, akaupapasa kwa viganja kama anayetafuta dirisha. Akarudi, akakaa, akafuta jasho. Saa sita na dakika kumi alinyanyuka, akabeba kigoda mwenyewe, akatoka nje mpaka kwenye majabali walipokuwa wanawake, akakiweka pale upepo ulipopita na kukaa akitazama ziwa. Alifanya yote hayo bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

Noela aliandika: "Saa 6:10 mchana. Mtumiaji mmoja, mwanaume, umri zaidi ya miaka 60, amehama."

Mama Tereza alimpa maji. Wakati anakunywa alimuuliza kama anamfahamu huyo aliyechora banda, maana walikuwa wanamsubiri. Profesa alisema anamfahamu. Mama Tereza akauliza ni mtu wa namna gani. Profesa alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ni mimi, mama."

Wanawake waliacha mafagio. Mama Tereza alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, bila ubaya, kama anavyotazamwa samaki mgeni kwenye wavu.

"Sasa ule ukuta uliuweka wa nini?"

Angeweza kutoa hotuba. Noela alimjua, hotuba zilikuwamo nyingi. Profesa alisema mchoro wa kwanza haukuwa na ukuta. Upande wa ziwa ulikuwa wazi. Wafadhili walitaka mahali pa kuandika majina yao, na mpiga picha akasema jengo likigeuzwa kidogo paa litaonekana vizuri zaidi na ziwa likiwa nyuma. Akageuza.

"Nilitaka picha itoke vizuri," alisema.

"Picha ilitoka?"

"Ilitoka sana."

Mama Tereza alitikisa kichwa, akamkabidhi ufagio. Hakusema ni wa kufanyia nini. Profesa aligeuza dagaa jabali zima, vibaya, na nyuma yake mwanamke mmoja akapita akiwageuza tena.

Mtu angependa kusikia kwamba Profesa alirudi mjini amekuwa mtu mwingine. Haikuwa hivyo. Baada ya hapo hakujibu barua pepe wala simu kwa wiki tisa, na Noela akajua amekwisha. Alianza hata kutunga maneno ya kumwambia mama yake, lakini kila alipofika kwenye kitambaa cha sherehe alikwama.

Wiki ya kumi sura ya nne ilirudi. Pendekezo la kuwapa wanawake elimu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnene. Watumiaji wasio wa kibinadamu walikuwa wamerudi kuwa mbuzi na korongo. Mahali Noela alipoandika "msanifu wa jengo," Profesa aliandika jina lake kamili. Ndani ya bahasha palikuwa na karatasi ya zamani yenye mchoro wa kalamu ya risasi: banda lisilo na ukuta, na mishale midogo ya upepo ikipita katikati. Halafu, ili asionekane amelainika, aliongeza kurasa nne za makosa katika majedwali ya upepo. Noela alikasirika, akayapitia usiku na mchana ili amuumbue. Mawili yalikuwa makosa kweli.

Utetezi wa tasnifu ulichukua saa tatu. Mtahini wa nje aliuliza kama mtafiti haoni haya kumtaja msimamizi wake kama chanzo cha tatizo. Noela alisema msimamizi alijitaja mwenyewe. Profesa Anatory, kwenye kona, alikuwa akisafisha miwani. Mtahini akauliza tena, kwa nini ufagio na jabali vipewe sura nzima. Noela akasema kwa sababu vinakausha dagaa. Alipita, kwa masharti ya marekebisho thelathini na saba, moja likiwa kwamba unyoya wa korongo upewe picha.

Kuhusu banda, Profesa aliandika barua wilayani akiomba ukuta ubomolewe. Alijibiwa kwamba ukuta ni mali ya mradi. Akaandika kwa mradi, barua ikarudi kwa kuwa mradi haupo. Wakati barua zinasafiri, ukuta ulianguka. Mzee Shimba alieleza kwa maandishi kwamba siku hiyo alikuwa msibani. Matofali yake hayakuonekana tena, ingawa vichanja vipya vya nyavu pale mwaloni vilipata miguu imara sana, na mguu mmoja una jicho la sato. Siku hizi mvua ikinyesha wanawake hukimbiza dagaa chini ya lile paa jeupe, upepo unapita, na wanasema kwa mvua si baya.

Baada ya mahafali Noela alivuka na nakala moja ya tasnifu, yenye jalada gumu jeusi. Mama Tereza aliipima uzito kwa mikono, akauliza yeye yuko ukurasa gani. Noela akamfungulia. Palikuwa pameandikwa Mhojiwa Namba 7, kama sheria za utafiti zinavyotaka, ili watu wasijulikane.

"Mimi ndiye saba?"

Noela alianza kueleza faida za usiri. Mama Tereza alisema yeye hana siri na dagaa. Basi Dakta Noela Projest, aliyekuwa amerudishiwa idara yake mwezi ule, alichukua kalamu na kuandika pembeni ya ile saba: Tereza. Wengine wakapanga foleni. Walikuwa arobaini na mmoja, na shughuli ilikwenda vizuri mpaka Namba 19, aliyesema kwamba wanaume wavuvi ni wavivu kuliko korongo. Wanawake watatu walidai maneno hayo ni yao, na hakuna aliyekubali kushindwa. Noela aliketi kwenye jabali na kalamu mkononi, akiwasikiliza, na kivuko cha saa kumi kikamwacha.